Kopo Halisafiri Nusu

Dar es Salaam
30 Januari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo bado unakutii na migomba imeshapaliliwa. Mimi sijambo, isipokuwa joto la huku, ambalo nimeacha kulilalamikia. Jirani yetu Clotilda ameniambia kwenye simu kwamba sasa hata kengele ya kanisa huisikii, unasubiri kuona majirani wanatoka na rozari ndipo unavaa koti. Nilicheka, kisha nikatafuta kalamu. Basi sitakusumbua kwa simu. Nitaandika kama ulivyonifundisha, kwa wino wa bluu.

Uliniuliza ninasomea nini hasa miaka yote hii, maana watu wa kigango wakikuuliza unawajibu "kemia" na wao wanadhani natengeneza sabuni. Nitajaribu. Mama alipokuwa akifunga nyama ya beberu mzee kwenye majani ya mpapai ikalainika, kilichofanya kazi pale ni kimeng'enya. Vimeng'enya hukata na kuunganisha vitu vingine bila vyenyewe kuisha. Mimi nakitumia hicho cha papai kuunganisha vipande vidogo vya kemikali viwe dawa, pasipo moto mkali wala tindikali. Shida ni kwamba ukikitia kwenye maji ya kazi kinapotelea humo. Umekitumia mara moja, umekiaga. Ndiyo maana nakibandika juu ya chembe za chuma, ndogo mno, unywele mmoja ukiupasua mara elfu tano ndipo unakaribia. Kazi ikiisha naegesha sumaku ubavuni mwa chupa. Chembe zinaikimbilia sumaku na kimeng'enya chake mgongoni, namimina maji yenye dawa, nasuuza, naanza upya. Ni kama majani tunayokamulia ndizi: maji ya ndizi yanapita, majani yanabaki mkononi. Mimi natafuta majani yangu yakamue mara ngapi kabla ya kuchoka.

Sasa nina ombi. Kimeng'enya tulichoagiza nje kimekwama njiani miezi mitatu sasa, na muda wangu wa shahada ya uzamivu haunisubiri. Nimekumbuka mipapai ya mama nyuma ya jiko. Ungeweza kunikingia utomvu wake? Asubuhi na mapema chana ngozi ya papai bichi, mistari minne tu, kwa mwanzi uliochongwa. Kisu cha chuma kinauharibu. Kinga kwa sahani, anika juani mpaka ukauke uwe chenga. Vaa mifuko ya nailoni mikononi kwa kuwa utomvu unakula ngozi. Robo ya kopo inatosha.

Wasalimie wote wa Nyakisasa.

Binti yako,
Adelfina


Nyakisasa, Ngara
19 Machi 2023

Mwanangu Adelfina,

Marahaba, mama. Sisi huku tu wazima, ukiondoa masikio, ambayo nimeyasamehe. Yamesikia kelele za darasani miaka thelathini na nne, yana haki ya kustaafu.

Mzigo wako huu hapa. Nimempa kondakta mkononi, si kwenye buti. Wiki ya kwanza nilifanya kama ulivyoandika, mwanzi, sahani, alfajiri, mistari minne. Mifuko ya nailoni niliivua siku ya pili kwa sababu nilionekana kichekesho, na sasa vidole vimebambuka ngozi. Clotilda anauliza nimeshika nini. Namwambia nimeshika elimu ya juu.

Jambo moja sikulielewa. Unanikataza kisu cha chuma, halafu wewe mwenyewe unakibandika juu ya chuma. Nikiwa mwalimu ningekuwekea alama ya kuuliza pembeni.

Mvua ilirudi siku ya tano ya kuanika, ikakaa juma zima bila kuona haya. Lakini nilipata njia. Uliomba robo ya kopo, nami nimekujazia. Ni lile kopo la bluu la maziwa ya unga, mama yako alikuwa akiwekea chumvi. Unajua kwetu chombo hakisafiri nusu. Mama yako Francisca angefufuka kunikemea kama ningekupelekea kopo linalogongagonga. Ule mweupe nimeuweka juu, ukupokee vizuri ukifungua.

Mipapai imebaki na makovu kama watoto wa surua, ila itapona.

Baba yako,
Protasi


Dar es Salaam
2 Juni 2023

Baba yangu,

Shikamoo. Vidole vimepona? Nimejilaumu sana kwa hivyo vidole. Na alama yako ya kuuliza naijibu: chembe zangu nimezivisha koti jembamba la aina ya kioo, kimeng'enya hakigusi chuma chenyewe. Nirudishie maksi zangu.

Baba, umefanya kazi kubwa kuliko unavyojua. Utomvu wa mama nimeusafisha, nikaubandika, na chembe zilezile zimefanya kazi mara tisa. Mara ya tisa bado zilikuwa na nguvu kama sehemu saba katika kumi. Msimamizi wangu alikuja mwenyewe kusimama nyuma ya kiti changu. Aliuliza utomvu umetoka wapi, nikasema Ngara, nyuma ya jiko la mama yangu.

Hapa maabara nimempata ndugu wa karibu na kwetu. Anaitwa Kazimili, mtoto wa Mzee Bulugu wa Nyakanazi, kule Biharamulo. Ni fundi sanifu wa maabara kwa mkataba. Ndiye anayetunza mashine, friji na dawa, na ndiye aliyenionyesha kusuuza chembe bila kuzipoteza. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe, mzee akauza nusu ya zizi ili asome. Kila Jumapili mzee anampigia na kumuuliza kama bado anazilinda dawa za watu. Ananiita dada, ingawa kanizidi miaka miwili. Ananitania kwamba sisi Wahangaza wa Ngara tunajua ndizi tu, nami namwambia wao wa Shinyanga hawajui hata salamu mpaka ng'ombe asalimiwe kwanza.

Wiki ijayo naenda Nairobi kwa mafunzo ya wiki sita. Kazimili ataendelea na majaribio. Nimemwachia kopo.

Binti yako,
Adelfina


Nyakisasa
8 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Sijui barua hii itakukuta umerudi kutoka Nairobi au itakutangulia. Nimemsomea Clotilda ile habari ya mara tisa, akauliza kama papai lenyewe linafaa kuliwa baada ya hapo. Nimemwambia ajaribu.

Huyo Kazimili mlete siku moja. Mtu anayetunza kitu cha mwenzake akiwa hayupo, huyo ni wa kukaribishwa kikombe. Mvua hakuna, vumbi tele, kahawa tumeanza kuchuma.

Baba yako


Dar es Salaam
14 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi mwili ni mzima.

Niliporudi kutoka Nairobi nilikuta kazi imekufa. Chembe alizotengeneza Kazimili kutoka kwenye kopo lilelile hazikufika hata mara ya pili. Mara ya kwanza yenyewe zilifanya kazi kwa kuvuta miguu. Wiki sita, baba, na kurasa za daftari zimejaa sifuri za mwandiko wake mzuri.

Nilimuuliza kilichotokea. Akasema anadhani si mkono wake, ni utomvu. Akalichukua kopo, akanusa, akaniambia mbele ya wanafunzi wawili, "Dada, huu wa chini unanuka moshi."

Unakumbuka sekondari ya bweni, baba. Unakumbuka nilivyorudi likizo ya kwanza nikakwambia sitaki sweta yangu itundikwe jikoni tena, na hukuuliza kwa nini. Wasichana wa bweni walikuwa wakiziba pua nikipita. Basi alipotamka moshi nilisikia wale wasichana wote. Nikamjibu, "Nyumbani kwetu hakunuki moshi." Akaniomba tupime wa juu uliobaki ukingoni na wa chini, kila mmoja peke yake. Nikamwambia asitafute pa kujifichia.

Umeme ulikatika siku mbili mwezi wa Julai nikiwa sipo. Msimamizi aliponiuliza, nilisema fundi alilitoa kopo kwenye friji umeme ulipokatika, akaliacha nje. Sikumwona akifanya hivyo. Lakini nilipokuwepo ilifanya kazi, naye alipobaki peke yake ikafa, ningesema nini? Mkataba wake ulikuwa unaisha Agosti, haukuongezwa, na hakupewa barua ya kumsifia kwa waajiri wengine. Siku ya kuondoka alipanga chupa zangu zote kwa tarehe, akaniacha na funguo.

Nakuandikia haya kwa sababu siyafurahii, wala sijui kwa nini siyafurahii. Utomvu ukipatikana tena, robo kopo tu, nitashukuru.

Binti yako,
Adelfina


Nyakisasa
5 Oktoba 2023

Mwanangu Adelfina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja tu, sikuweza ya pili. Keti kabla ya kuendelea.

Moshi ni wangu.

Mvua ilipokaa, nilikuwa na robo kopo iliyokauka juani, nyeupe, safi. Ndiyo uliyoomba. Ningekutumia hiyo na mambo yangeisha. Lakini niliona kopo lina nafasi, nikaona aibu. Nikaendelea kukinga, na kwa kuwa jua halikuwepo nikautandaza utomvu kwenye bati juu ya mafiga, pale tunapokaushia kila kitu mvua ikizidi, mahindi, uyoga, hata madaftari ya wanafunzi enzi zile. Nikachochea moto vizuri ili uwahi basi la Jumatatu. Ulitoka wa kahawia. Nikauweka chini, mweupe nikaweka juu, kama wanavyopanga nyanya sokoni. Nilijua kwamba nafanya hivyo. Sikujua kwamba moto unaua.

Hukuniandikia nisitumie moto. Sikulaumu. Nadhani uliona si adabu kumfundisha baba yako jiko lake.

Kijana alikwambia ukweli kwa pua yake, na wewe umemnyang'anya kazi kwa ajili ya sweta. Nayaandika kwa ukali kwa kuwa kosa ni letu wawili na langu ndilo kubwa. Nenda kwa msimamizi wako kesho. Usingoje.

Nitakwambia jambo ambalo hata mama yako sikumwambia lote. Mwaka tisini na saba nikifundisha Lukole, kambini kwa wakimbizi, boksi la chaki lilipotea. Nilimfukuza darasani mtoto mmoja, Niyonkuru, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyeupe. Ijumaa nikalikuta boksi nyuma ya kabati langu. Nikasema Jumatatu nitamwita mbele ya wenzake, nimwombe radhi vizuri, nikiwa nimejipanga. Jumatatu hema lao lilikuwa tupu. Sasa ni mtu mzima mahali fulani, kama yu hai, na anajua kwamba mwalimu wake alimwita mwizi.

Nakusihi.

Baba yako,
Protasi


Nyakisasa
20 Januari 2024

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kwa kuwa sijui. Clotilda anasema mnaongea, kwamba u mzima, kwamba umetetea andiko lako Desemba na wamekupa pongezi. Hongera. Lakini sikuandikii kuuliza shahada.

Kama barua yangu ya Oktoba ilipotea njiani, niambie niandike nyingine. Kama haikupotea, niambie hivyo pia.

Baba


Dar es Salaam
11 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sistahili kupokelewa salamu, ila nakuamkia.

Barua yako haikupotea. Niliipata tarehe kumi na moja Oktoba. Usiku huohuo sikulala, na asubuhi nilipima kama Kazimili alivyoniomba, wa juu peke yake, wa chini peke yake. Wa juu ulikuwa hai. Wa chini ulikuwa umekufa kabisa. Kipimo kilichukua dakika arobaini. Dakika arobaini, baba, ndizo nilizomnyima.

Sikwenda kwa msimamizi. Andiko lilikuwa tayari kwa mchapaji, na ndani yake nilikuwa nimeandika kwamba majaribio ya Julai yaliachwa kwa sababu ya uzembe wa utunzaji. Kulibadilisha kungesogeza kila kitu mwaka mzima. Nikasema, baada ya utetezi. Nikatetea. Nikasema, baada ya Krismasi. Kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi, na wewe nilishindwa kukuandikia kwa sababu ningekudanganya, na sijawahi kukudanganya kwa maandishi.

Namba yake haipatikani tena. Nimeambatanisha barua yake, sikuifunga. Nakuomba ifike Nyakanazi kwa Mzee Bulugu, kwa basi au kwa mtu.

Nina aibu.

Binti yako


Nyakisasa
25 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Salamu ya mtoto hairudishwi.

Barua ya Kazimili ndiyo nairudisha. Nimeisoma, kwa kuwa uliiacha wazi. Umeomba radhi vizuri, nimelia. Lakini mwishoni umeandika, "Naomba hili libaki kati yetu." Mwanangu, ulimsema mbele ya mkubwa wake, unamwombaje radhi nyuma ya nyumba? Akienda kuomba kazi na barua hiyo, ataionyesha kwa nani?

Hiyo ni nusu kopo. Mimi nilijaza langu kwa kibaya, nakiri. Wewe jaza lako kwa kweli yote, kisha nitalipeleka kwa mkono wangu mwenyewe, hata kwa miguu.

Baba yako,
Protasi


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua zimekuacha na afya.

Nimekwenda. Ilinichukua Aprili yote kupata ujasiri na Mei yote kupata mihuri. Msimamizi wangu alinisikiliza bila kuinua macho. Aliponiuliza kama nilimwona Kazimili akiacha kopo nje, nikasema hapana, sikumwona. Akaniuliza kwa nini basi nilisema. Nikamweleza habari ya sweta, na nilipokuwa nikieleza nilisikia ilivyokuwa ndogo.

Sura ya tano ya andiko langu imerudishwa. Nitairudia, na mahafali ya mwaka huu sitakuwemo. Hayo ni yangu, usiyahuzunikie. Nafasi ya Kazimili imeshachukuliwa na mtu mwingine, hawawezi kumrudisha. Lakini wamemwandikia barua yenye mhuri kwamba hakuwa na kosa lolote, kwamba kazi yake ilikuwa safi, na kwamba yeye ndiye aliyegundua hitilafu. Neno "gundua" niliomba mimi. Barua yangu nimeiandika upya, bila lile ombi la mwisho. Zote mbili zimo.

Kopo la mama nalirudisha pamoja nazo. Nimelijaza tende.

Niambie atakachosema, hata kikiwa kibaya.

Binti yako,
Adelfina


Nyakisasa
14 Julai 2024

Mwanangu Adelfina,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Tende tumekula na Clotilda, mbegu amezipanda, ana imani kubwa.

Nilikwenda. Nilijaza kopo la mama yako asali, nikavaa koti la kanisani, nikashuka Nyakanazi siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Bodaboda alikuwa akiwajua akina Bulugu. Nilimkuta Kazimili zizini anamkamua ng'ombe, ndevu zimeota, mrefu kuliko nilivyomfikiria. Nilimwonyesha masikio yangu, nikatoa daftari na kalamu, nikaandika mimi ni nani. Alisoma, akamaliza kumkamua ng'ombe, akanawa, akaniletea kiti. Mama yake, Nshoma, akaniletea maziwa.

Tuliongea kwa daftari mpaka saa nane, na daftari ninalo, kwa hiyo sikuandikii ya kukisia.

Nilianza na la kwangu. Niliandika habari ya bati na mafiga, ya mweupe kuwekwa juu. Kisha nikampa barua zako mbili. Alizisoma akiwa amesimama. Ile yenye mhuri aliisoma mara mbili, akaikunja, akampa mama yake aishike, ingawa mama hasomi. Halafu akachukua kalamu. Nanakili.

"Ahsante, mwalimu. Ameomba kazi sehemu tatu, kila mahali wanataka barua ya nilikotoka." Hapo alikosea, akafuta "ameomba", akaandika "nimeomba". Akaendelea. "Hii itanisaidia. Mwambie dada nimeipokea. Mzee ndiye ambaye ingemfaa zaidi. Alifariki tarehe tisa Mei."

Nikaandika pole. Nikauliza kama mzee alijua.

"Nilimwambia sikufanya kosa. Akasema mtu hafukuzwi bure. Alisema aliuza nusu ya zizi nisome, kumbe nikalale kazini. Tangu Septemba hakutaka nimsaidie hata kufungua zizi. Alifariki hivyo."

Mwanangu, tarehe tisa Mei. Barua yako ya kwanza kwa Kazimili nilikuwa nayo mezani Machi. Uliomba nimpelekee, na basi la Nyakanazi linapita kila siku. Mimi nikairudisha kwa sababu haikujaa. Mzee Bulugu hakuhitaji mhuri wa chuo. Alihitaji mtu yeyote aje amwambie kwamba mwanaye hakulala kazini, na nusu ile ingemtosha, hata robo. Uliniandikia tangu barua ya kwanza kabisa kwamba robo inatosha. Nilidhani namfundisha binti yangu kosa la Lukole, kumbe nilikuwa nalirudia: nikangoja Jumatatu ya watu wengine, nikiwa nimejipanga.

Miezi mitano ya Oktoba mpaka Machi ni yako, nawe unaijua. Hii mingine ni yangu. Usiichukue.

Nilimwandikia hayo pia Kazimili. Nilidhani anastahili kujua aliyechelewesha. Alisoma, akanisogezea kikombe, akaandika, "Mwalimu, kunywa maziwa, yanapoa."

Wakati wa kuondoka alimimina asali kwenye chungu cha mama yake, akaliosha kopo, akalianika juani likauka kabisa. Kisha akaingia ndani na kulirudisha na samli. Nilifungua kifuniko. Haikufika hata katikati. Nadhani aliniona nikitazama, maana alichukua daftari kutoka kwapani mwangu na kuandika mstari wa mwisho: "Ndiyo niliyo nayo kwa sasa."

Sikujaza njiani. Nilipita soko la Nyakanazi, samli ilikuwapo ya kununua, sikununua. Nilikaa kwenye basi na kopo magotini, jua likaiyeyusha, na ingawa sisikii, mkono ulihisi inavyocheza ndani mpaka Ngara. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusafiri na chombo nusu. Nimekiweka kwenye rafu ya mama yako jinsi kilivyo.

Ukija Desemba, shuka Nyakanazi kwanza kabla ya kufika nyumbani. Usingoje upate cha kubeba.

Baba yako,
Protasi